Kisabo na Pikipiki Njia ya Walikale

Habari ilimkuta Mukankusi shambani, mgongo umeinama, anang'oa maharage. Aliyeileta ni Hakorimana, dereva wa lori la mazao, mtu aliyejaliwa sauti ya kuita ng'ombe waliovuka mlima. Hakushuka hata kwenye lori. Alisimama pale barabarani, akatoa kichwa dirishani, na kilima kizima kikasikia mambo ya nyumba ya mtu.

"Mama Mukankusi! Drocella amezaa! Mutoto mwanamuke! Bote bawili bazima!"

Mukankusi akanyooka wima. Moyo ulimruka kwa furaha, kisha akakumbuka kuwa yeye na binti yake hawasemezani, akajikaza.

"Ametuma neno," Hakorimana akaendelea, safari hii kwa sauti ya chini kidogo, maana yake kilima cha pili hakikusikia. "Anasema kesho, siku ya Mungu, njo mutoto anapewa jina. Batoto ba jirani habawezi kumutajia jina kama habakunywa maziwa, na kule Walikale hakuna ng'ombe. Kama mama yake anakuja na maziwa mbele ya jua kuzama, ni vizuri. Kama hakuji, atajua kama hana mama. Hatatuma mutu tena."

Lori likanguruma, likashuka upande wa Sake, Mukankusi akabaki na maharage mkononi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kikombe kimoja. Drocella alipochumbiwa na Jean-Marie, karani wa Walikale, mama yake alinuna tangu siku ya kwanza. Binti wa nyumba ya maziwa aende akakae msituni, ale samaki wa moshi na ndizi? Siku ya harusi mama yake Jean-Marie, aitwaye Emérita, alipanda milima hii yote mpaka Masisi, akaketi na wageni, na maziwa yalipopita akanyoosha mikono miwili kupokea kikombe chake, kama adabu inavyotaka. Mukankusi akampita. Akammiminia aliyekaa kulia, akammiminia aliyekaa kushoto, na Emérita akabaki na mikono hewani mbele za watu. Aliishusha polepole, akaiweka magotini. Drocella aliona yote. Akamfuata mume wake siku ile ile, na tangu hapo hapakuwa na salamu, ya kwenda wala ya kuja.

Mukankusi alijua amekosa. Alijua tangu usiku wa harusi. Lakini kujua ni kitu kimoja na kufungua mdomo ni kitu kingine, na mama huyu, Mungu amsamehe, alikuwa hodari wa kufunga.

Akaacha maharage palepale, akamfuata mwanawe Séraphin.

Séraphin alikuwa anaangalia mashini ya kukaushia maua ya pareto kwenye shamba la mzungu mmoja, na mzungu huyo aliporudi kwao alimwachia pikipiki yake kuukuu. Kijana aliipenda kupita kiasi. Aliisugua, aliisemesha, na Jumapili aliisukuma mpaka mlangoni pa kanisa ili isikie misa.

"Mama, weye? Ku pikipiki?" alisema. "Ulisema ile kitu ni ya shetani."

"Nilisema ni ya kelele. Shetani ni weye uliongeza. Itafika Walikale ao haitafika?"

Macho ya Séraphin yakang'aa. "Itafika! Mama, itafika mpaka utaniomba turudilie njia!"

Asubuhi, mapema, Mukankusi alikamua ng'ombe wake mwenyewe, akayamimina maziwa kwenye kisabo, kibuyu kile kikubwa cha kusukia siagi, maana ndicho kilichokuwa na tumbo la kutosha na kizibo cha kuaminika. Séraphin alikuwa bado ndani anakunywa uji. Basi mama akaizunguka pikipiki, akaikagua kama anavyokagua vyombo vyake. Tangi lilijaa esanse, mafuta ya kuendeshea, mpaka shingoni. Kifuniko kilikaza vizuri. Lakini katikati ya kifuniko, mama yangu, palikuwa na tundu! Dogo, la sindano, ila tundu ni tundu.

Katika nyumba ya Mukankusi chombo hakiachwi na tundu. Tundu huingiza vumbi, vumbi huleta ugonjwa, na jirani akiona atasema. Alikuwa na donge la nta ya nyuki kwenye pindo la nguo, ile aliyozibia ufa wa kisabo. Akaikanda kwa kidole gumba, akaisukumia ndani ya tundu, akailainisha juu mpaka huoni kitu. Akatazama kazi yake na kuridhika. Vijana hawa, bila mama zao wangeishije?

Wakaondoka. Mukankusi alikaa nyuma juu ya gunia, miguu upande mmoja, kisabo kimefungwa mgongoni kwa kitenge kama mtoto. Bonde la kwanza alifumba macho, akataja watakatifu wote anaowajua. Bonde la pili akafungua jicho moja. La tatu, lo! Upepo ulimpiga usoni, mashamba ya maharage yakakimbia kando, wanawake wakaacha majembe na kumpungia, naye akajisikia msichana.

"Ongeza!" akamfokea Séraphin sikioni.

"Mama, ni mutelemuko!"

"Mutelemuko njo mahali pa kuongeza!"

Walipita Nyabiondo wakiimba. Kilima kimoja mbele, mashini ikakohoa, ikakohoa tena, ikakata roho.

Kimya kilikuwa kikubwa ajabu. Séraphin akashuka, akafungua kifuniko cha tangi, akachungulia. Kitu kikalia *fyuu*, Mukankusi akadhani ni mashini inakoroma kwa uchovu.

"Esanse iko," Séraphin akasema, akafunga. "Basi ni buji." Akachomoa ile buji, kipande kinachotoa cheche ya kuwasha moto, akaikuta nyeusi kama chungu. "Haa! Unaona, Mama? Nimeipata!" Akaisugua kwa mchanga, akaifuta kwa shati, akairudisha. Teke moja tu, mashini ikanguruma.

Walipiga vigelegele wote wawili, mwana na mama.

"Una akili, weye!" Mukankusi akamwambia, na kwa kweli aliona fahari.

Safari hii walikwenda mbali zaidi kuliko mwanzo. Milima ikaanza kulainika, miti ikaanza kurefuka, hewa ikawa nzito na ya joto. Halafu tena: kikohozi, kikohozi, kimya.

Séraphin hakukata tamaa, alichekelea. Akafungua tangi akachungulia kama esanse haivuji, akafunga. Buji ilikuwa safi. "Kumbe ni wawili!" akasema. "Mwizi wa kwanza nilimukamata, huyu ni ndugu yake. Iko mu kabirateri." Akaifungua kabirateri, kile kikombe cha chini ambamo esanse huchanganyika na hewa, akapuliza vijitundu vyake kwa mdomo mpaka mashavu yakavimba, akatema, akapuliza tena. Teke moja. Mashini ikawaka!

"Aleluya!" Mukankusi akaruka, kisabo kikaruka naye. Mzee aliyekuwa anapita na mzigo wa ndizi akauliza mtoto huyo mgongoni ni wa aina gani asiyelia. "Huyu analisha wengine, Papa," akamjibu, "hana nafasi ya kulia!"

Wakaenda mbali kuliko mara zote. Sasa Séraphin aliimba kwa sauti, kila kona akipiga honi hata kama hapakuwa na mtu, na mama yake nyuma alikuwa ameshaanza kupanga maneno. Atasema nini kwanza? "Drocella, mwanangu." Halafu? Hapo maneno yalikuwa yanamkwama, anarudia mwanzo. Na Emérita je? Atamtazama vipi yule mama? Jua lilishapita utosini, mawingu meusi yalikuwa yanajikusanya upande wa Kibua, na kila dereva wa njia ile alijua maana yake. Mvua ikianguka, mlinzi wa pale anashusha bariyeri, gogo refu la kuziba njia, na hapiti mtu yeyote mwenye magurudumu mpaka udongo ukauke. Hiyo ni kesho. Kesho jina litakuwa limetajwa, na yeye hatakuwa tena mama wa mtu.

Juu ya mlima wa Kashebere pikipiki ikafa mara ya tatu.

Watu wakajaa. Sijui hutoka wapi; pori tupu, ukikwama tu wanaota. Kila mmoja alikuwa na elimu yake. Mmoja akasema mashini imechoka, inyweshwe maji. Wa pili akasema hapana, imebeba mwanamke, haijazoea. Wa tatu alikuwa na shemeji aliyewahi kusukuma gari.

Séraphin alinyoosha mkono kwenye kifuniko cha tangi. Mukankusi akampiga kofi la vidole.

"Acha! Umeangalia hiyo esanse mara ngapi? Kila tukisimama, unafunua, unafunika, sawa mutu anaonja mboga ya jirani. Esanse iko! Tengeneza, twende, mvua inakuja!"

Kijana akatii. Akasugua buji, akapiga teke. Kimya. Akafungua kabirateri, ilikuwa kavu, haina hata tone. Akapuliza, akafunga, akapiga teke. Kimya. Akapiga mpaka jasho likamdondoka puani, mpaka mguu ukamtetemeka. Mashini haikutoa hata kikohozi.

"Sielewi," akasema, na sauti yake ikavunjika. "Mama, sielewi. Ile tulifanya ikawaka, ile ile ninafanya sasa inakataa. Juu ya nini?"

Mukankusi alikaa kando ya njia. Alitaka kukasirika, hasira ikakataa kuja, ilikuja hofu. Aliiona mikono ya Emérita hewani. Aliona jinsi itakavyokuwa: watoto wameketi kwenye mkeka, vikombe vitupu, Drocella anatazama njia, halafu anaacha kutazama. Akasema kwa sauti, hakujali anayesikia, "Mungu wangu, mimi ni mujinga, lakini usimulipishe mutoto."

Ndipo akahisi kisabo kinamsukuma mgongoni. Akakifungua kitenge, akakiweka mapajani. Kilikuwa kimevimba kizibo, kimekaza. Mara moja akajua: mabonde yote yale, mashimo yote yale, barabara ilikuwa inasuka maziwa! Akalegeza kizibo kidogo, kama anavyofanya kila siku akisuka. *Psssss*, hewa ikatoka, na harufu ya siagi mpya ikajaa pale.

"Maziwa yangu!" akalia. "Yamekuwa siagi!"

"Juu ya nini kinalia vile?" Séraphin akauliza. Alikuwa amesimama ghafla, buji mkononi.

"Unaniuliza weye, mutoto wa nyumba ya maziwa? Kisabo kinataka kupumua. Usipokifungulia kidogo kidogo kitatupa kizibo. Na ukikigeuza kumimina, usipokiachilia hewa hakitoi kitu, kinabania tu."

Séraphin alimtazama mama yake, akatazama kisabo, akatazama tangi. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

"Ya kwanza nilifungua tangi, kisha buji, ikawaka," akasema polepole. "Ya pili nilifungua tangi, kisha kabirateri, ikawaka. Ya tatu mama amenipiga kofi." Kisha akapaza sauti mpaka wale watu wakarudi nyuma. "Ya tatu sikufungua tangi!"

Akapiga magoti kwenye vumbi, akachomoa mpira mwembamba unaoshusha esanse kutoka kwenye tangi. Tone moja likaanguka. Halafu la pili, kwa uvivu. Halafu hakuna. Tangi lililokuwa bado na zaidi ya nusu, na hakuna!

"Mama! Fungua kile kifuniko! Fungua!"

Mukankusi akarukia kifuniko, akakizungusha kwa mikono miwili. *Fyuuuu!* Tangi likavuta pumzi ndefu, na hapohapo chini esanse ikabubujika, ikammwagikia Séraphin mkono mzima mpaka kiwikoni.

"Nimekupata!" kijana alikuwa anapiga kelele, analia na kucheka. "Nimekupata, weye! Halikuwa linapumua! Siyo buji, siyo kabirateri, ni hewa! Ni hewa, bantu!" Akaurudisha mpira, akakinyakua kifuniko kwa mama yake, akakigeuza juani. "Hapa panatakiwa kuwa na katundu. Hii mashini inapumulia hapa. Kameziba. Kameziba na nini?"

Akachokonoa kwa mwiba. Akanusa. Akanusa tena. Kisha akamgeukia mama yake taratibu mno.

"Mama. Hii inanuka asali."

Joto likampanda Mukankusi kutoka vidoleni mpaka masikioni. Akatazama mawingu. Akatazama ndege fulani aliyekuwa mbali.

"Lilikuwa linaingiza vumbi," akasema hatimaye.

"Mama!"

"Chombo hakiachwi na tundu! Hata weye nilikufundisha!"

Séraphin alikaa chini kwenye vumbi, akacheka mpaka akashika mbavu. Watu wakauliza kuna nini, akawaeleza, mlima mzima ukacheka, na yule wa shemeji wa gari akasema yeye alikuwa anajua tangu mwanzo. Mukankusi alijaribu kununa. Alidumu muda wa kumeza mate tu, kisha naye kicheko kikamshinda.

"Simama, fundi!" akasema huku anajifuta machozi. "Cheka njiani! Mvua!"

Teke moja. Jamani, kwa mlio ule! Wakashuka Kashebere kama waliotumwa na mfalme, tundu wazi, na pikipiki haikukohoa tena hata mara moja. Walifika Kibua matone ya kwanza yakipiga vumbi. Mlinzi alikuwa ameshalishika gogo, analishusha.

"Ngoja!" Mukankusi alisimama juu ya kikanyagio, kisabo juu kwa mkono mmoja. "Papa, ngoja! Maziwa ya jina! Batoto bananingojea!"

Mlinzi alibaki na gogo hewani, mdomo wazi, nao wakapita chini yake wameinamisha vichwa. Nyuma yao mvua ikamwagika kwa ghadhabu, ikawafuata, haikuwafikia.

Walikale ilikuwa bado na jua, jembamba, la manjano, lililolalia vilele vya miti. Uani kwa Jean-Marie watoto walikuwa wameketi kwenye mkeka mbele ya sinia la maharage. Emérita alikuwa anawagawia vikombe vya maji ya ndizi, maana nini tena angefanya? Drocella alikuwa mlangoni na mtoto kifuani. Aliposikia mlio ule alikuja mpaka katikati ya uwanja, kisha akasimama, hakusogea zaidi.

Mukankusi alishuka. Miguu ilikuwa imekufa ganzi, nywele zimejaa majani, uso mwekundu kwa vumbi. Maneno yote aliyoyapanga yalikuwa yamebaki Kashebere.

"Tumechelewa juu yangu," akasema. "Niliziba tundu la mashini na nta."

Séraphin hakuweza kuvumilia. Akaieleza hadithi nzima, na mikono, na milio, psss na fyuu, na lile kofi. Jean-Marie akaanguka kwa kicheko, watoto wakaigiza fyuu kwa midomo. Drocella naye alicheka, alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka yakageuka kuwa kilio chenyewe.

"Njo vile uko, Mama," akasema. "Unaziba. Unaziba kila kitu. Hata salamu ulinizibia."

"Njo vile niko," Mukankusi akajibu, naye analia. "Nilikosa, mwanangu. Nilijua siku ile ile. Nisamehe."

Drocella akamtilia mtoto mikononi.

Maziwa, basi. Mukankusi alifungua kisabo mbele ya wote: siagi donge zima, na chini yake maziwa ya kusukwa, mepesi, matamu kwa uchachu. Watoto wa Walikale wakanywa wakakunja nyuso, kisha wakaomba tena. Siagi alimpaka mtoto mwili mzima, mguu kwa mguu, mpaka akang'aa. Halafu watoto wakaanza kutaja majina kama desturi inavyotaka, kila mmoja la kwake. Mmoja akasema aitwe Asali. Mwingine akasema Ndizi. Kadogo kuliko wote akapiga kelele, "Fyuu!" na watu wakacheka mpaka mkeka ukakunjika.

"Mama yangu bado," Drocella akasema.

Mukankusi alimtazama yule mtoto, akatazama upande wa pili wa mkeka, ambako Emérita alikuwa ameketi kimya na mikono yake magotini, palepale alipoiweka siku ya harusi.

"Mimi ninamupa jina la bibi yake," akasema. "Aitwe Emérita."

Hakuna aliyecheka. Emérita alimwangalia kwa muda mrefu, na Mukankusi akavumilia kuangaliwa, hakukwepa macho. Kisha yule mama wa Walikale akaokota kikombe kitupu kutoka mkekani, akakifuta vizuri kwa nguo yake, akakinyoosha mbele kwa mikono miwili.

"Basi nimiminie na mimi," akasema.